Ukufi wa Mchele

Kapeli aliyobatiziwa babu yangu, kule Wales,
siku hizi ni duka la magodoro.
Nimewahi kulala humo, mchana kweupe,
pale hasa palipokuwa na mimbari,
na kijana wa duka akaniinamia: "Laini, au gumu kidogo?"
Nikalinunua. Godoro zuri. Sisemi uongo.

Nilipofika milima ya Mizoram, mwezi wa Novemba,
begi langu lilikuwa na chujio la maji,
dawa za kutosha matumbo manne,
na imani, imekunjwa chini kabisa,
kama sweta unalolibeba kwa kuwa mama alisema.

Pi Rothangpuii akanipokea. Mjane.
Nyumba ya mianzi, imechuchumaa ukingoni mwa genge,
nguruwe wakikoroma chini ya sakafu,
upepo ukiingia kila ufa bila hodi.
Usiku wa kwanza nilivaa kila nilichokuja nacho.
Sikulala. Nilivihesabu vitu vya kwangu vinavyojipasha moto vyenyewe:
sakafu, taulo, kiti cha gari,
hata kikombe.

Asubuhi nikamwona akipima mchele wa siku.
Akachota ukufi mmoja, akautenga
katika kopo jingine, karibu na mlango.
"Huo wa nani?"
"Wa Mungu," akasema, akaendelea kupuliza moto,
kama mtu anayekutajia jirani.

Jumamosi wakaja wanawake wawili na kikapu,
wakamimina kopo, wakapima, wakaandika daftarini,
wakanywa chai, wakamsengenya mtu kidogo,
wakaenda nyumba ya pili.
"Kwenu ndiko dini ilikotoka kuja huku,"
akaniambia, mjukuu wake Zodini akitafsiri.
"Hawajambo kanisani?"
Nikaitazama chai yangu.
Hawajambo, nikasema.
Huo sasa ulikuwa uongo.

Jioni moja nikajitia hekima:
"Mna bahati nyie. Sisi vitu vimetuziba masikio.
Hapa hamna kitu, ndiyo maana mnamsikia Mungu."
Zodini akasita kabla ya kutafsiri.
Bibi akacheka mpaka akakohoa,
akaninyooshea mikono, vifundo vimevimba kama tangawizi.

"Usiusifu umaskini wangu, mwanangu,
hujaupandisha mlima na ndoo mbili.
Ile mashine yenu ya kufua, mablanketi inayaweza?
Nimemwomba Mungu moja. Nyeupe.
Unadhani atakasirika?"

Nilikuwa nimesafiri maili elfu tano na ushei
kutafuta mtu mtakatifu asiye na haja,
nikamkuta mwanamke anayetaka mashine ya kufua,
rangi ameshachagua,
na bado anachota ukufi
kabla hajajua kama gunia litafika mwisho wa mwezi.

Nimerudi. Sakafu inanipasha nyayo, nami naipenda.
Mashine imetumwa; imekwama bandarini Kolkata,
Zodini anasema wanadai karatasi moja zaidi.
Nikipika wali, nachota ukufi,
nautia katika kopo la biskuti karibu na mlango.
Gethin, mume wangu, haulizi;
hulizunguka tu, kama anavyomzunguka paka aliyelala.
Kopo limejaa tangu Februari.
Jumamosi nachemsha maji ya chai.
Hapiti mtu na kikapu.

Jana nikavaa koti, nikalikumbatia kopo,
nikashuka na mvua mpaka mbele ya duka la magodoro.
Taa zote zinawaka, vitanda vimetandikwa, hakuna aliyelala.
Nikasimama pale, mchele ukichakacha kifuani,
nikiitazama milango ya mtaa wetu, mmoja mmoja,
na kuona haya, kwa umri huu,
kwamba sijui nani ndani yake ana njaa.